Jani la Mepo Katika Fedha: Sarafu Tatu za Wakia Moja na Namna ya Kuchagua

Kila mwisho wa mwaka simu yangu hupokea ujumbe wa namna moja kutoka kwa ndugu na marafiki walioko Dar, Mombasa, Muscat na Leicester. Mtu ameona sarafu ya fedha ya Kanada yenye jani la mepo, ameipenda. Kisha ameiona mahali pengine kwa bei mara mbili, na mahali pa tatu imefungwa ndani ya kibweta cha plastiki kwa bei ya juu zaidi. Zote ni wakia moja, zote zimepigwa Ottawa. Anauliza, "Dada, hawa hawaniibii?"

Mara nyingi haibiwi. Anatazama bidhaa tatu tofauti zenye jani moja, kila moja imetengenezwa kwa haja yake, na kila moja ina mtu wake. Anayeumia ni yule anayenunua moja akiidhani ni nyingine, na hao nimewaona wengi. Ndiyo sababu nimeamua kuandika ulinganisho huu mara moja, niache kurudia majibu yale yale kwenye simu.

Mti kwanza, na kiwanda

Mepo ni mti wa misitu ya mashariki ya Kanada na kaskazini-mashariki ya Marekani. Aina inayosifiwa kuliko zote ni mepo wa sukari. Mwishoni mwa majira ya baridi, usiku maji yakiganda na mchana yakiyeyuka, shina hutobolewa na utomvu hudondoka ndooni, kama tembo la mnazi linavyodondoka kibuyuni mwa mgema. Lita 40 hivi za utomvu huchemshwa mpaka ibaki lita moja ya sharubati nzito ya kahawia. Mti wenyewe husubiriwa karibu miaka 40 kabla haujanenepa vya kutosha kutobolewa. Ukishajua hayo, hushangai kwa nini jani lake limewekwa kwenye bendera tangu tarehe 15 Februari 1965.

Sarafu hizi hupigwa na Royal Canadian Mint, kiwanda cha serikali kilichoanza mwaka 1908 kama tawi la kiwanda cha London na kuwa mali ya Kanada yenyewe mwaka 1931. Chenji ya dukani hupigwa Winnipeg. Sarafu za dhahabu na fedha hutoka Ottawa. Jani la mepo la dhahabu lilianza mwaka 1979, la fedha likafuata mwaka 1988.

Sasa hizo bidhaa tatu. Nitazipa majina yangu ili tuelewane.

Sarafu ya mzani ni ile ya uwekezaji. Ina wakia moja, yaani gramu 31.1, usafi wa asilimia 99.99, upana wa milimita 38, na imeandikwa dola 5. Hupigwa kwa wingi na huuzwa kwa uzito wake. Hutoka kiwandani katika mirija ya sarafu 25, na makasha makubwa ya sarafu 500.

Sarafu ya kioo ni ya wakusanyaji. Vipande vya fedha hung'arishwa kabla ya kupigwa, chapa nayo hung'arishwa, na kila sarafu hugongwa zaidi ya mara moja. Matokeo yake uwanja wa nyuma huwa kama kioo na picha hutokeza juu yake kwa weupe wa umande ulioganda. Idadi ya nakala hutangazwa, na sarafu huja na kasha na cheti. Nyingi za wakia moja zimeandikwa dola 20.

Sarafu ya daraja inaweza kuwa yoyote kati ya hizo mbili, ila imepelekwa kwa kampuni huru ya kupima hali, kama PCGS au NGC za Marekani, ikapewa namba kati ya 1 na 70 na kufungwa ndani ya kibweta kigumu cha plastiki chenye maandishi na namba yake ya utambulisho.

Vigezo nitakavyovitumia

Nitazilinganisha kwa mambo sita: mti unavyoonekana, kiasi unacholipa juu ya fedha yenyewe, wepesi wa kuigeuza pesa, namna ya kujua kuwa ni ya kweli, utunzaji, na kodi pamoja na safari. Hayana uzito sawa. La pili ndilo linalowaliza watu, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi.

Mti unavyoonekana

Kwenye sarafu ya mzani utaona jani moja tu, la mepo wa sukari, limejaza uwanja, na mishipa yake yote inaonekana. Si lile jani la bendera lenye ncha 11, ambalo ni mchoro wa alama. Hili ni jani kama lililookotwa chini. Tangu 2014 nyuma yake kuna mistari myembamba inayotawanyika kama miale ya jua, na ukiigeuza sarafu mkononi mwanga hucheza juu ya mistari hiyo. Mimi naipenda sana. Wengine wanasema imelisonga jani, nami siwezi kuwabishia, kwa sababu matoleo ya kabla ya hapo yana utulivu ambao huu mpya hauna.

Ukiutaka mti mzima, shina, matawi na anga, nenda kwenye sarafu ya kioo. Hapo wasanii wana uhuru. Mwaka 2013 kiwanda kilitoa sarafu zinazoonyesha mepo kama anavyouona mtu aliyesimama chini yake akatazama juu: mashina yanapanda kutoka pembeni, matawi yanakutana katikati, na majani yametiwa rangi. Nyingine huonyesha majani katika wekundu wake wa majira ya kupukutika. Huo wekundu ni jambo la kuona kwa macho. Sisi tuliolelewa na vuli ya mvua huwa hatuamini kwamba mlima mzima unaweza kuwa mwekundu kwa wiki mbili kisha ukabaki mifupa.

Kama wewe ni mtu wa mimea, angalia kwa makini kabla ya kununua. Majani ya mepo huota mawili mawili, yakitazamana kwenye kijiti. Kijiti maarufu kilichokuwa kwenye senti ya Kanada tangu 1937 kilionyesha majani yakipishana, jambo ambalo mepo haufanyi. Na noti mpya ya dola 20 ilipotoka mwaka 2012, mtaalamu wa mimea alilalamika kwamba jani lake linafanana na mepo wa Norway, mti wa kuletwa kutoka Ulaya. Benki kuu ilijibu kwamba ni jani la kubuni lililochanganya aina kadhaa. Nalitaja hili kwa sababu mtu anayenunua sarafu kwa mapenzi ya mti anastahili kupata mti wa kweli.

Sarafu ya daraja haina cha kuongeza hapa, ila kupunguza kidogo. Kibweta kina ukingo na karatasi ya maandishi, na jicho hukutana na namba kabla ya kukutana na jani. Kwa anayependa kuishika sarafu na kuigeuza, kibweta ni ukuta.

Unalipa kiasi gani juu ya fedha yenyewe

Kiswahili kimetupa neno moja kwa madini na kwa pesa, na historia ya pwani inaeleza kwa nini. Reale ya Maria Theresa iliyotumika Unguja, ile iliyoandikwa 1780 hata kama ilipigwa miaka mingi baadaye, ilikuwa pesa kwa sababu ilikuwa na gramu 23 na ushei za fedha safi ndani yake. Aliyeipokea alilipwa kwa madini. Sarafu ya mzani inaendeleza desturi hiyo hiyo: bei yake hufuata bei ya wakia sokoni siku ile, na muuzaji huongeza kidogo kwa kazi ya kupiga, kusafirisha na faida yake.

Tufanye hesabu ya mfano, kwa namba za kubuni tu. Tuseme wakia ya fedha ni dola 50 za Kanada. Sarafu ya mzani utaiuziwa pengine 56. Ukiirudisha kesho yake, muuzaji atakupa kama 49. Umepoteza 7. Sarafu ya kioo utaiuziwa 120. Madini ndani yake ni yale yale ya dola 50, na dola 70 zilizobaki umelipia usanii, idadi ndogo ya nakala, kasha na cheti. Fedha ikipanda hadi 75, mwenye sarafu ya mzani anaweza kupata 74 na kuondoka na faida ya 18. Mwenye sarafu ya kioo, kama hakuna mkusanyaji anayeitafuta picha ile, bado yuko chini ya bei aliyonunulia.

Hesabu hiyo haimaanishi kwamba sarafu ya kioo ni hasara. Ukinunua kanga ya harusi huilinganishi na bei ya pamba. Unalipia kazi ya mkono na siku utakayoikumbuka. Shida huja pale mtu anapolipa 120 akiwa na mawazo ya akiba. Matoleo machache ya kioo hupanda sana, lakini mengi huuzwa mkononi kwa bei chini ya ile ya kiwandani, na kutabiri yapi yatapanda ni kazi ya watu walioshinda humo miaka mingi.

Sarafu ya daraja ina hesabu yake. Kuna ada ya kupimwa, kwa kawaida makumi ya dola kwa sarafu moja, na kuna posta ya kwenda na kurudi. Kwa sarafu ya mzani ya kawaida, ada hiyo peke yake inaweza kukaribia thamani ya fedha iliyomo. Halafu kuna suala la 69 na 70. Sarafu mbili zinaweza kutofautiana kwa alama ambayo huioni bila kioo cha kukuzia, lakini ile ya 70 ikauzwa ghali zaidi. Kwa wanaopanga seti kamili ya 70 tangu 1988, tofauti hiyo ni halali na ina soko. Kwa mtu mwingine yeyote ni namba kwenye karatasi.

Na zile dola zilizoandikwa usoni zisikuchanganye. Dola 20 kwenye sarafu ya kioo haina maana kwamba ni bora mara nne kuliko ile ya dola 5. Zote ni wakia moja, na kwa muda mrefu thamani ya madini imekuwa juu ya zile dola 5. Ni mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakia iliposhuka chini ya dola 4 za Marekani, ndipo namba ya usoni ilipokaribia kuwa na maana.

Kisa kimoja cha pembeni, kwa kuwa hunijia mara kwa mara katika maswali. Mwaka 2011 kiwanda kilianza kuuza sarafu ndogo za fedha za dola 20 kwa dola 20 kamili, na ya kwanza ilikuwa na majani matano ya mepo. Zina gramu 7.96 tu za fedha, robo wakia na kidogo. Utazikuta kwa wauzaji wa mkononi. Nzuri kwa mtoto anayeanza kukusanya, ila ukiona mtu anakuuzia kama "wakia moja ya dola 20", ondoka.

Kuigeuza pesa

Sarafu ya mzani haina mpinzani hapa. Muuzaji wa madini wa Toronto, London au Dubai anaijua bila kuuliza. Hahitaji kasha wala cheti, anahitaji mizani na dakika chache. Unaweza kuuza moja ukabaki na tisa.

Sarafu ya kioo inahitaji mnunuzi wake. Ukimpelekea muuzaji wa madini wa kawaida, mara nyingi atakupa bei ya fedha tu, au juu kidogo. Mnunuzi wa kweli ni mkusanyaji, na kumpata huchukua wiki au miezi kwenye minada na maonyesho ya sarafu. Kasha na cheti vikipotea, bei inashuka. Kwa hiyo usitupe hata boksi la karatasi la nje.

Sarafu ya daraja iko katikati. Mnunuzi aliye mbali anaweza kuiamini bila kuishika, kwa sababu hali yake imeshapimwa na namba yake inaweza kutazamwa kwenye mtandao wa kampuni iliyoipima. Ndiyo sababu huuzwa vizuri kati ya watu wasiojuana. Lakini ukiipeleka kwa sonara wa Kariakoo, kibweta hicho hakina maana kwake. Ataona fedha ya kuyeyusha. Kwa kweli atafanya hivyo kwa zote tatu, na msomaji aliye Dodoma au Bukavu asisahau hilo: soko la sarafu hizi kama sarafu liko mbali nawe, na njia ya kurudi huko ina gharama.

Kujua kuwa ni ya kweli

Kuna bandia nyingi, na sarafu ya mzani ndiyo inayoigwa zaidi kwa sababu inajulikana zaidi. Kwa bahati njema ndiyo pia iliyowekewa kinga nyingi. Mbali na ile mistari ya miale, kuna jani dogo sana lililochongwa kwa mwanga wa leza kwenye uwanja wa nyuma, na ndani ya jani hilo, ukitumia kioo cha kukuzia, utaona tarakimu za mwaka. Wauzaji walioidhinishwa wana kifaa cha kusoma alama hiyo na kuilinganisha na kumbukumbu za kiwanda.

Nyumbani unaweza kufanya mambo matatu. Sumaku: fedha hainaswi. Mizani: gramu 31.1. Na maji, kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Weka glasi ya maji juu ya mizani ya jikoni yenye kusoma sehemu ya kumi ya gramu, irudishe kwenye sifuri, kisha itumbukize sarafu ikining'inia kwa uzi bila kugusa glasi. Mizani inapaswa kusoma karibu gramu 3, kwa sababu fedha ina uzito wa gramu 10.49 kwa kila sentimita ya ujazo. Shaba iliyopakwa fedha, yenye uzito ule ule, itasoma karibu 3.5. Bandia anaweza kudanganya uzito au ukubwa, lakini kudanganya vyote viwili pamoja ni kazi ngumu.

Usifanye kipimo hicho kwa sarafu ya kioo. Uwanja wake hautaki uzi wala maji ya bomba. Kwake tegemea muuzaji, kasha, cheti chenye namba, na uzito ukipimwa kwa uangalifu. Nyingi za wakia moja huzidi kidogo, karibu gramu 31.4, kwa hiyo usiogope ukiona hivyo.

Sarafu ya daraja imeshafanyiwa kazi hii na wengine, na hilo ndilo jambo lake kubwa. Hata hivyo vibweta navyo huigwa. Tafuta namba kwenye mtandao wa kampuni, na linganisha picha iliyoko huko na sarafu unayoiona.

Utunzaji

Sarafu za mzani zina ugonjwa wao: madoa meupe kama matone ya maziwa, ambayo huweza kutokea hata sarafu ikiwa imelala bila kuguswa. Mwaka 2018 kiwanda kilianza kutumia kinga maalumu ya kuyapunguza. Madoa hayapunguzi thamani ya fedha, lakini yanauma macho. Kama jani ndilo unalolitaka zaidi ya madini, chagua toleo la 2018 au la baadaye.

Sarafu ya kioo ni laini kuliko unavyofikiri. Niliwahi kuona alama ya kidole kwenye moja yangu, ya kwanza kabisa niliyopewa, nikaifuta kwa kitambaa cha miwani. Ilibaki na mikwaruzo myembamba kama nywele, na kila nikiiinamisha kwenye mwanga naiona. Fedha safi kiasi hicho haisuguliwi kwa kitambaa, majivu, ndimu wala dawa ya meno. Iache ndani ya kapsuli yake, mbali na unyevu, mpira na karatasi za gazeti, maana salfa ndiyo inayoipiga weusi. Wanaoishi pwani waweke na kipakiti cha kunyonya unyevu.

Kibweta cha daraja kinaikinga sarafu dhidi ya mikono. Madoa ya maziwa hakiyazuii, kwa sababu chanzo chake kimeshaingia na sarafu.

Kodi na safari

Nchini Kanada sarafu ya fedha yenye usafi wa asilimia 99.9 au zaidi haitozwi kodi ya mauzo, na za mzani na za kioo zenye 99.99 zote zinaingia hapo. Uingereza fedha hutozwa VAT ya asilimia 20. Zaidi ya hapo, msamaha wa kodi ya faida ni wa sarafu halali za Uingereza, kama Britannia, na jani la mepo halimo. Falme za Kiarabu madini ya uwekezaji yenye usafi wa 99 au zaidi, katika umbo linalouzika kwenye masoko ya kimataifa, hutozwa asilimia sifuri badala ya 5. Sarafu ya mzani inaingia kwa urahisi, ile ya kioo yenye kasha na rangi inaweza kuzua maswali. Tanzania VAT ni 18, Kenya 16, kwa hiyo uliza forodha kabla ya kuagiza. Soma pia masharti ya kampuni ya usafirishaji, kwani nyingi zina vikwazo au ukomo wa bima kwa sarafu na madini.

Nani achukue ipi

Kama unaweka akiba kidogo kidogo na utahitaji kuuza siku moja, sarafu ya mzani ndiyo yako. Usinunue kwa pupa siku bei ziko kwenye vichwa vya habari. Fedha hupanda na kushuka vibaya: Aprili 2011 ilikaribia dola 49 za Marekani kwa wakia, Machi 2020 ilikuwa chini ya 12. Nunua mara kwa mara, kwa kiasi ambacho ada ya shule haitakigusa.

Zawadi ya mtoto aliyezaliwa Kanada, ya mzee anayestaafu, au ya ndoa: sarafu ya kioo ya mwaka wenyewe, yenye mti mzima. Hapo dola zilizozidi juu ya fedha zimefanya kazi yake. Mfuko ukiwa mwembamba, chukua sarafu ya mzani ya mwaka huo, inunulie kapsuli ya milimita 38, andika kadi kwa mkono wako. Nimetoa zawadi hiyo mara tatu na sijaona aliyesikitika.

Anayenunua kutoka kwa mtu asiyemjua, au anayetafuta toleo la zamani lenye thamani kubwa, apendelee sarafu ya daraja. Hata hivyo alinganishe bei na ile isiyo na kibweta ili ajue analipia nini hasa. Kwa sarafu ya mzani ya mwaka huu iliyo dukani mbele yako, kibweta si lazima.

Wapenda historia wana sababu yao ya kuchagua mwaka. Toleo la 2023 lina picha ya Malkia Elizabeth pamoja na miaka 1952 na 2022, na lulu nne za kumbukumbu yake. Kuanzia 2024 ni Mfalme Charles. Sarafu mbili za mzani, za miaka hiyo miwili zikiwekwa pamoja, zinaonyesha zamu ya kiti hicho kwa gharama ndogo. Mkusanyaji wa Afrika Mashariki anayetaka miti kwenye sarafu anaweza hata kuziweka kando ya senti ya Zanzibar ya 1908 yenye mnazi. Si ya fedha, lakini msitu wa baridi na ufuko wa joto vinakaa vizuri kwenye trei moja.

Aliye mbali na soko na hana mpango wa kusafiri afikirie kwanza kama anataka kuimiliki au kuiuza. Ya kumiliki, chukua picha inayokufurahisha. Ya kuuza, chukua ya mzani, na usilipe zaidi ya unavyoweza kuvumilia ikiwa mnunuzi pekee atakuwa sonara.

Na kama tayari unayo, umeikuta kwenye droo ya marehemu baba au umeletewa na mgeni, usiifute. Ipime, soma kilichoandikwa pande zote mbili, itazame chini ya kioo cha kukuzia utafute lile jani dogo, tafuta cheti ndani ya nyumba, ipige picha mbili kwenye mwanga wa dirisha. Ukishamaliza hayo, nitumie ujumbe hata kama si mwisho wa mwaka.